Akili mnemba ya chanzo huria: wazi kwa nani, wazi kiasi gani?

Tarehe 20 Januari 2025 kampuni ya DeepSeek ya China ilitoa modeli yake ya akili mnemba iitwayo R1. Siku saba baadaye hisa za Nvidia, kampuni inayouza chipu za kufundishia modeli kama hizo, zilianguka hadi thamani yake ikapungua kwa karibu dola bilioni 600 kwa siku moja. Habari ikafika mpaka kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, ambako kwa kawaida tunajadili michango ya harusi na taarifa za misiba. Mjomba akauliza: "Wanasema hii ya Wachina iko wazi. Wazi vipi? Naweza kuifungua nikaona ndani?"

Majibu yakamiminika. Binamu mmoja akasema wazi maana yake bure. Mwingine akasema wazi maana yake haina mwenyewe, yeyote anachukua. Shangazi akaonya tusiiguse kabisa, kwa kuwa kila unachoandika humo kinakwenda China. Mimi niliandika jibu refu, nikalifuta. Swali la mjomba lilistahili nafasi kubwa kuliko ujumbe wa simu, na hili hapa ndilo jibu lake.

Tuanze na neno. Waingereza wana neno moja, "free", linalobeba "bure" na "huru" kwa pamoja, na kwa miaka 40 wanaharakati wa programu wamekuwa wakihangaika kutenganisha maana hizo. Sisi tunayo maneno mawili tangu zamani, basi tuyatumie. Facebook ni ya bure, lakini huna uhuru wowote juu yake: huwezi kuona inavyopanga unachokiona, wala kuirekebisha. Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991, ni huria, na wapo wanaoilipia kwa mamilioni ili wapate mtu wa kuwahudumia inapoharibika. Bure inahusu mfuko wako. Huria inahusu unachoruhusiwa kufanya.

Na unachoruhusiwa ni mambo manne, yanayotokana na kazi ya Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kuunda programu huru: kuitumia programu kwa shughuli yoyote bila kuomba ruhusa, kuichunguza inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuwagawia wengine, iwe kama ulivyoipata au pamoja na marekebisho yako. Mwaka 1998 ikaanzishwa Open Source Initiative, kwa kifupi OSI, shirika lililobeba jina la chanzo huria ("open source"), ambalo hupima leseni na kusema ipi imetimiza masharti na ipi haijatimiza. Hapa binamu yangu wa pili apate jibu lake: programu huria ina mwenyewe. Ina hakimiliki, na mwenye hakimiliki ndiye aliyeandika leseni ya kukupa uhuru huo. Msimbo, yaani maandishi ya programu, uliowekwa mtandaoni bila leseni hauruhusiwi kuchukuliwa, kama vile shamba lisilo na uzio si ruhusa ya kuvuna mahindi ya watu.

Ili uweze kuchunguza na kubadilisha, lazima upewe chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mtu. Kwa programu ya kawaida hilo halina utata. Msimbo ni mapishi yaliyoandikwa kwenye karatasi: mchele vikombe vitatu, vitunguu viwili, kaanga mpaka vibadilike rangi. Pilau ikizidi chumvi unarudi kwenye karatasi, unauona mstari wenye kosa, unausahihisha.

Modeli ya akili mnemba haiko hivyo. Hiyo si karatasi ya mapishi, ni mpishi mwenyewe.

Mfikirie bibi aliyepika pilau za harusi kwa miaka 30. Hapimi kitu. Bizari anachota kwa kiganja, mvuke ananusa, moto anaupunguza bila kutazama saa. Mwulize kwa nini ameongeza maji sasa hivi, atakwambia, "Mwanangu, mkono umezoea." Ujuzi wake haukuandikwa popote. Umo mkononi. Modeli nayo hufundishwa kwa kupewa maandishi mengi mno na kutakiwa ikisie neno linalofuata. Kila inapokosea, namba zilizo ndani yake zinasogezwa kidogo, mara mabilioni na mabilioni, mpaka makosa yapungue. Namba hizo huitwa uzito. R1 inazo bilioni 671. Mtu anaposema ameipakua modeli, alichopakua hasa ni namba hizo.

Niliwahi kufungua faili la modeli ndogo nitazame kwa macho yangu mwenyewe. Ni desimali tupu, chanya na hasi, nyingi zimekaribia sifuri, zikifuatana mpaka kidole kinachoka kushusha ukurasa. Hakuna mstari unaosema hapa ndipo ilipojifunza Kiswahili, hapa ndipo ilipoambukizwa dharau kwa watu fulani. Kwa hiyo, mjomba, unaweza kuifungua, ndiyo. Kuona ndani ni jambo jingine.

Sasa swali lililowagawa wataalamu ni hili: ukikabidhiwa mpishi, umekabidhiwa chanzo? Kumtumia unaweza. Kumfundisha mapishi ya kwenu pia unaweza, na kazi hiyo ya kuinoa modeli iliyokwisha kufundishwa ni rahisi kuliko kuanza moja. Lakini hujui alilelewa kwenye jiko la nani, alionjeshwa nini, alikatazwa nini. Hukupewa njia ya kulea mpishi mwingine kama yeye. Siku akipika chakula kikadhuru watu, huna pa kurudi kutafuta sababu.

Kumbe vitu ni vitatu, si kimoja. Kuna uzito, ambao ndio mkono wa mpishi. Kuna msimbo wa kufundishia, yaani namna alivyofundwa. Na kuna data, yaani majiko yote aliyopitia. Mkanganyiko mwingi wa habari unatoka hapa: kampuni inatoa kimoja kati ya vitatu, kisha inatangaza kwamba imefungua kila kitu.

OSI ilipoona neno lake linavutwa huku na huku, ikakusanya maoni ya watu wa nchi mbalimbali, na tarehe 28 Oktoba 2024, mjini Raleigh, North Carolina, ikatoa tafsiri rasmi ya kwanza ya akili mnemba ya chanzo huria. Kiini chake hakina ugumu. Uhuru ni ule ule wa mambo manne. Uzito utolewe kwa masharti huria. Msimbo wa kufundishia na wa kuchakatia data utolewe wote. Kuhusu data yenyewe, si lazima itolewe, lakini yatolewe maelezo ya kina: imetoka wapi, ilichaguliwaje, ilisafishwaje, kiasi cha kumwezesha mtaalamu kuunda mfumo unaokaribiana sana na ule.

Wapo waliofaulu. Pythia, ya kikundi cha EleutherAI, ilitoka na data yake na hata nakala za modeli ikiwa bado inajifunza, kama picha za mtoto za kila mwezi. OLMo, ya taasisi ya Ai2 ya Seattle, ilitoka mwaka 2024 pamoja na mkusanyiko wa data uitwao Dolma, wenye vipande vya maneno trilioni 3, na msimbo wote. Hawa wamekupa mpishi, mwalimu wake na funguo za jiko.

Llama, modeli ya Meta, kampuni mama ya Facebook, haikufaulu, ingawa Mark Zuckerberg mwenyewe aliandika Julai 2024 akiitetea kwa jina hilo hilo la chanzo huria. Tatizo halikuwa data peke yake. Leseni ya Llama inasema kwamba kampuni iliyokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi wakati modeli inatoka lazima iombe ruhusa ya Meta kwanza. Ina orodha ya matumizi yaliyokatazwa. Na zilipotoka modeli za Llama 3.2 zinazotambua picha, leseni haikuwapa haki inazowapa wengine watu wanaoishi ndani ya Umoja wa Ulaya wala kampuni zenye makao huko. Najua utasema, mimi sina watumiaji milioni 700 wala siishi Ulaya, yananihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu mwenye leseni anayeweza kuchagua nani aingie leo, kesho anaweza kukuchagua wewe ubaki nje.

Hata hivyo sitaidharau Llama, na hapa natofautiana na baadhi ya watetezi wakali wa uhuria. Mwaka 2023 shirika la Jacaranda Health la Kenya, linalowahudumia kina mama wajawazito kwa ujumbe wa simu, liliichukua Llama, likainoa kwa Kiswahili, likatoa UlizaLlama. Nani angewapa fedha za kufundisha modeli kutoka mwanzo kwa ajili ya mama mjamzito anayeuliza kwa Kiswahili kama kichefuchefu chake ni cha kawaida? Uzito uliofunguliwa nusu uliwafikisha mahali ambapo mlango uliofungwa usingewafikisha. Ila wajue kwamba nyumba wameijenga kwenye kiwanja cha watu.

Na DeepSeek? R1 ilitoka kwa leseni ya MIT, mojawapo ya leseni huria kabisa duniani. Kwa upande wa uzito haikuweka masharti ya kubagua. Lakini data haikutolewa, wala msimbo kamili wa kufundishia. Mpishi amekabidhiwa bila kinyongo, jiko limefungwa. Jina la haki la kitu kama hicho ni modeli ya uzito wazi. OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilipotoa modeli zake za gpt-oss Agosti 2025 iliziita hivyo yenyewe, modeli za uzito wazi, na nadhani inastahili sifa kwa kutovaa joho lisilo lake.

Nimjibu na shangazi, kwa kuwa hofu yake ina msingi. Kuna DeepSeek mbili. Ile programu ya simu na tovuti yake hupeleka maandishi yako kwenye seva za kampuni, na sera yao wenyewe inasema data huhifadhiwa China. Lakini modeli uliyoipakua na kuiendesha kwenye kompyuta yako haihitaji intaneti kujibu. Zima mtandao, bado itajibu. Tahadhari moja tu: R1 yenyewe, kwa ukubwa wake, haiingii kwenye laptopu. Zile ndogo ambazo watu wanajivunia kuziendesha nyumbani ni modeli nyingine, za Qwen (ya kampuni ya Alibaba) na Llama, zilizofundishwa kwa majibu ya R1. Ni wanafunzi wake, si yeye.

Ugomvi huu wa jina una uzito wa kisheria pia. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inawapunguzia masharti kadhaa watoaji wa modeli huria. Jina likishakuwa na nafuu ndani yake, kila mmoja atalidai.

Tafsiri ya OSI nayo haikupokelewa kwa vigelegele vitupu. Watu wa Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, na wengine wengi walilalamika kwamba kuruhusu data ifichwe ni kukubali chanzo nusu. Wana hoja. Huwezi kujua kwa nini modeli inapendelea jinsia moja kwenye maombi ya kazi mpaka uone ilisoma nini. Upande wa pili nao wana hoja: modeli iliyofundishwa kwa mafaili ya wagonjwa haiwezi kuyamwaga mafaili hayo hadharani. Msimamo wangu ni kwamba siri ya mgonjwa ni sababu, siri ya biashara si sababu. Data inayoweza kutolewa kisheria na itolewe, na anayeificha akubali jina la uzito wazi.

Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo, na sioni likizungumzwa kwa Kiswahili. Kigezo kikuu cha uhuria ni kutobagua: ukimpa mmoja, umewapa wote. Sasa chukua jumuiya ya Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya tujenge pamoja, ambamo watafiti wa Kiafrika hukusanya data za lugha zetu. Wakiitoa data hiyo kwa uhuria kamili, wa kwanza kuichukua atakuwa mwenye chipu nyingi na fedha nyingi, ataifundishia modeli, kisha ataturudishia kama huduma ya kulipia. Ndiyo maana imetokea leseni ya data kama Nwulite Obodo, yenye jina la Kiigbo na iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Pretoria, inayowapa watumiaji wa Afrika na nchi zinazoendelea masharti mepesi, na kuwataka wa nchi tajiri warudishe kitu kwa jamii iliyotoa data.

Kwa kipimo cha kawaida leseni hiyo si huria, maana inabagua. Fimbo ile ile tuliyompigia Meta inaturudia wenyewe. Nimelifikiria hili kwa muda, na sioni aibu kusema kwamba mambo yote mawili yana haki yake: OSI wana haki ya kulinda maana ya neno lao, na jamii ina haki ya kuamua kwamba data yake haitakuwa huria, itakuwa ya ushirika. Kinachotakiwa ni kila kitu kuitwa kwa jina lake.

Neno la ushirika linanipeleka kwenye nusu ya pili ya jambo hili: nani anayetunza vitu hivi baada ya kutolewa?

Upareni, kaskazini mwa Tanzania, kuna msaragambo, siku ya kazi ya wote. Huko milimani kuna ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe mashambani kwa zamu. Tope likijaa, watu wanaitwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Maji ni ya wote, lakini tope haliondoki lenyewe. Programu huria ni ndiva ambayo dunia nzima inamwagilia na watu watatu wanazoa tope.

Sitii chumvi. Aprili 2014 lilipogunduliwa tundu la usalama lililoitwa Heartbleed kwenye OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, zikiwemo za benki, ikajulikana kwamba mradi huo ulikuwa ukipata michango ya hiari ya dola 2,000 hivi kwa mwaka. Bajeti ya send-off ya kawaida mjini inazidi hapo.

Kisa cha Machi 2024 kinatisha zaidi. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima hifadhidata, akaona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya mbali kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde tu. Wengi tungeinuka tukachote chai. Yeye akafukua, akakuta kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux, mtu ametia mlango wa siri. Aliyeutia alijiita Jia Tan, na alikuwa "amesaidia" mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Mtunzaji halisi alikuwa mmoja, bila malipo, na alikwisha kuandika hadharani kwamba amechoka na afya yake ya akili haiko sawa. Akaunti nyingine zikawa zinamsukuma: mbona unachelewa, mpe mwingine. Akampa.

Watu hukitumia kisa hiki kusema kwamba uwazi ni hatari, wezi wanaona kila kitu. Mimi nakisoma kinyume. Mlango ulionekana kwa sababu Freund aliweza kufukua bila kumwomba mtu ruhusa. Kilichouruhusu kutiwa ni upweke wa mtunzaji.

Akili mnemba imeuongeza mzigo huo. Roboti zinazokusanya maandishi ya kufundishia modeli zinazigonga seva za miradi huria usiku na mchana. Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, walisema Aprili 2025 kwamba matumizi yao ya mtandao kwa picha na video yameongezeka kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, sababu kubwa ikiwa roboti hizo. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika mara nyingi juu ya ripoti za makosa ya usalama zilizotungwa na modeli: zimeandikwa kwa ufasaha, zina vichwa vya habari na mifano, na hazina ukweli. Kila moja inamla mtunzaji saa zake. Modeli imelelewa kwa msimbo wa watu hawa, kisha inarudi kuwachosha.

Kwetu hili si la mbali. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya kutibu wenye VVU Eldoret, na KenyaEMR inayotumika kwenye vituo vya afya vya Kenya imejengwa juu yake. Muuguzi akifungua kadi ya mgonjwa kwenye skrini, kuna watu mahali fulani wanaozoa tope ili ukurasa ule ufunguke. Wakilipwa na wafadhili wa nje peke yao, bomba linafungwa siku mfadhili akibadili mawazo. Ujerumani tangu 2022 inatoa fedha za serikali kupitia Sovereign Tech Fund kwa ajili ya programu za msingi kama hizi, bila kusubiri ziharibike. Wizara zetu zinazotumia programu huria kila siku zingeweza kuanza na kidogo: nafasi mbili za wahandisi ambao kazi yao iliyoandikwa kwenye mkataba ni kurudisha marekebisho kwenye mradi wa asili.

Mtu mmoja mmoja naye ana jembe lake. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, hukusanya sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Unasoma sentensi kwenye simu, na wengine wanasikiliza na kuthibitisha kwamba ulichosoma ndicho kilichoandikwa. Nilikaa navyo jioni moja, nikisikiliza: sauti ya mama inasoma polepole, nyuma yake jogoo anawika; kijana anayekimbilia mwisho wa sentensi; mtu wa bara, mtu wa mwambao, lafudhi tofauti na Kiswahili kile kile. Sauti hizo hutolewa kwa yeyote bila kubagua, na yale niliyosema juu ya wenye chipu nyingi yanahusu hapa pia. Nilibonyeza "ndiyo" mara nyingi hata hivyo.

Nilimtumia mjomba kiungo. Amesharekodi sentensi zaidi ya 40. Juzi alinipigia akiwa na hasira: amekutana na sentensi yenye Kiswahili kibovu, upatanisho umeharibika, anataka kujua mwenye mamlaka ya kuirekebisha ni nani. Nikamwelekeza kilipo kitufe cha kuripoti.